Asiyekuja Ana Lake Jambo

Kila Alhamisi, kati ya saa nane na saa kumi, simu yangu ilitikisika juu ya meza na moyo ukanishuka kabla sijaifungua. Ujumbe ulikuwa ule ule, ukibadilika neno moja au mawili: "Wapendwa, kesho baada ya kazi pale pale. Tuje wote tafadhali. Asiyekuja ana lake jambo." Kisha vinaanza kumiminika vidole gumba, mmoja baada ya mwingine, mpaka vinafika 14. Mimi ndiye niliyekuwa wa 15, na nilijua kwamba kimya changu kinahesabiwa.

Nilikaa katika ofisi ile miaka sita, upande wa hesabu, ghorofa ya tatu pale Posta, Dar es Salaam. Sitaitaja jina, kwa sababu walioniumiza pale ndio hao hao walionitendea wema ambao sitausahau. Nataka kuzungumzia muda ule baada ya saa kumi na moja jioni. Mkataba wangu haukuutaja popote, lakini ndio ulioamua mambo mengi ya maisha yangu ya kazi.

Naishi Chanika. Kutoka Posta ni kama kilomita 30, na anayeijua Dar anajua kwamba kilomita si kipimo. Kipimo ni foleni. Nikitoka saa kumi na moja kamili, nikaiwahi treni ya Pugu pale Stesheni, nikashuka na kupata daladala ya Chanika bila kugombania sana, naingia kwangu kwenye saa mbili kasoro. Mtoto bado hajalala. Nikichelewa kwa saa moja na nusu tu, mpango mzima unavunjika: ni kusimama kwenye daladala mpaka Gongo la Mboto, kutafuta nyingine, na mwisho bodaboda kwenye njia isiyo na taa. Hapo naingia saa nne, mtoto amelala na sare zake za shule, na dada wa kazi ananiangalia kwa macho ya mtu aliyechoka kuliko mimi.

Kwa miaka minne ya mwanzo nilikuwa na udhuru. Mama yangu mzazi alikuwa kwangu, ana kisukari, na sindano yake ya jioni nilikuwa namchoma mimi kwa kuwa dada wa kazi aliogopa. Basi niliandika kwenye kundi: "Samahanini wapendwa, mama." Neno moja lilitosha. Hakuna aliyeuliza. Mkuu wa idara mwenyewe alijibu, "Pole, msalimie bibi," na mambo yakaisha.

Halafu mama akapata nafuu, sukari ikatulia, akataka kurudi kwao Ifakara kwa mdogo wangu. Alhamisi ya kwanza baada ya kumsindikiza, ujumbe ulipoingia, vidole vyangu viliandika vyenyewe: "Samahanini wapendwa, mama." Nikatuma. Nilipoiweka simu chini nikasikia baridi mgongoni. Nimemsingizia mama yangu ugonjwa. Mzazi ambaye Mungu amemwinua kitandani, mimi nimemrudisha kitandani kwa maneno, ili nisiende kukaa kwenye kiti cha plastiki. Usiku ule nilimpigia simu nikamsikiliza akicheka na wajukuu zake, na sikuweza kumwambia kwa nini nimepiga.

Tangu siku ile nimeliwaza sana neno udhuru. Kwetu mtu hasemi hapana, anatoa udhuru. Na si kila jambo linapokelewa. Msiba unapokelewa. Mgonjwa anapokelewa. Ibada inapokelewa, ingawa kwaya ina mashaka kidogo. Safari ya kijijini inapokelewa mara moja kwa mwaka. Kuchoka hakupokelewi, kwa sababu wote wamechoka. Kutaka kumkagua mtoto madaftari hakupokelewi, kwani wenzako hawana watoto? Na kutotaka tu, kusema "leo nataka kuwa kwangu," hilo hata halina pa kuwekwa. Ukilisema, watu wanatafuta nyuma yake kitu kingine: unaringa, una bwana, umeokoka kupita kiasi, una chuki na fulani. Ndiyo maana ya "ana lake jambo." Sentensi hiyo haimtishi mtu kwa adhabu. Inakuambia tu kwamba usipokuja utazungumzwa.

Sitaki kusema nilikuwa siendi kabisa. Nilikwenda, labda mara moja kati ya nne, na kuna jioni nilizozifurahia. Pale pale palikuwa uwanja wazi wenye miti miwili ya mwarobaini, viti vya plastiki, jiko la nyama pembeni, na kijana anayekatakata ndizi na nyama kwenye ubao kwa kasi ya ajabu. Mzee dereva wetu, mtu wa Tanga, alikuwa na hadithi za barabara ya Segera ambazo ofisini huwezi kuzisikia. Dada wa mapokezi aliimba vizuri. Mimi sinywi pombe, lakini hilo peke yake halikunisumbua. Soda ni soda.

Kilichonisumbua kilianza taratibu. Wenzetu wawili Waislamu walikaa na soda zao mbele ya sahani ya kitimoto, nyama ya nguruwe, wakisogeza kiti kidogo, kisha kidogo tena. Magharibi ikiingia, mmoja wao alikuwa anainuka kimyakimya kutafuta msikiti wa karibu, na akirudi anakuta mtu anamwambia, "Ulikimbia raundi yako." Walicheka wote, naye akacheka. Niliuangalia ule mcheko wake na nikautambua, kwa sababu ni wangu. Ndio mcheko niliokuwa nao mimi wakati naangalia saa chini ya meza.

Kisha bili. Inapokuja, mtu anasema, "Tugawane sawa, sisi ni familia." Soda mbili na mishikaki minne ilinigharimu 25,000 siku moja. Nilitoa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, tumelelewa hivyo. Ila methali ile inamsifu mtu atoaye kwa moyo wake, na mimi moyo wangu ulikuwa umebaki Stesheni kwenye treni iliyoondoka.

Na bili ya Ijumaa haikuwa peke yake. Aliyefanya kazi katika ofisi za kwetu anajua jinsi kundi la WhatsApp linavyogeuka daftari. Harusi ya mtoto wa fulani: kadi ya mtu mmoja 50,000, ya wawili 100,000, majina yanabandikwa na tiki mbele yake, na jina lako linakaa pale bila tiki wiki tatu, kila mtu akilinakili na kulituma upya. Sendofu. Kitchen party na kitenge chake cha sare. Keki ya siku ya kuzaliwa, na mhusika kumwagiwa maji kwenye maegesho hata kama jioni ile ana safari ya daladala mbili. Kila kimoja ukikitazama peke yake ni kizuri, na nimechezeshwa mwali na wenzangu wale, najua utamu wake. Vikijumlishwa ndipo mtu unakuta mwezi umekwisha na hujaishi jioni hata moja uliyoichagua mwenyewe.

Hayo yote ningeyabeba. Lililonigeuza ni safari.

Wanaofanya kazi maofisini wanajua maana ya safari ya kikazi. Mshahara unalipa kodi ya nyumba na unga. Posho ya safari ndiyo inayolipa ada, ndiyo inayopaua nyumba. Mwaka wangu wa tano ilitoka orodha ya watu wanne wa kwenda Mwanza na Dodoma kukagua vitabu vya matawi. Ukaguzi wa vitabu ulikuwa kazi ya meza yangu. Jina langu halikuwepo. Lilikuwepo la kijana wa masoko. Nilikwenda kwa mkuu wa idara, nikagonga, nikauliza kwa heshima. Hakukasirika hata kidogo. Alinitazama kama mtu anayeshangaa kwamba sijui, akasema: "Ah, hilo tuliliongea Ijumaa. Hukuwepo."

Nilirudi mezani nikakaa. Nilikuwa najiambia miaka yote kwamba ninachokikosa Ijumaa ni nyama na stori. Kumbe pale ndipo ofisi ilipokuwa. Saa mbili mpaka kumi na moja tulikuwa tunatekeleza. Kupanga kulifanyika chini ya mwarobaini, kati ya raundi ya tatu na ya nne, mbele ya waliokuwepo. Na ukitazama wasiokuwepo utawakuta ni wale wale: wenye watoto wadogo, wanaoishi mbali, wanaowahi swala, wanaouguza, wasio na hela ya kugawana bili. Hakuna aliyekaa akaamua kuwatenga. Walitengwa na saa na mahali.

Mwezi ule ule ilikuja fomu ya tathmini ya mwaka. Kazi: vizuri sana. Kuwahi: vizuri sana. Chini kabisa, kwa mkono wake: "Ajitahidi kuchangamana na wenzake."

Kulikuwa pia na bonanza. Mara mbili kwa mwaka, Jumamosi, ufukweni Kigamboni: kuvuta kamba, kukimbia na magunia, kukimbia na ndimu kwenye kijiko. Watoto wangelipenda, lakini watoto hawakuruhusiwa; ilikuwa ya kujenga umoja wa wafanyakazi. Mlangoni kulikuwa na karatasi ya mahudhurio. Asiyesaini alitakiwa kujieleza Jumatatu. Fulana za rangi moja zilikuwa 15,000, zinakatwa kwenye mshahara, na mkono ulioingiza makato yale kwenye orodha, mstari kwa mstari, ulikuwa mkono wangu. Nilifanya hivyo miaka kadhaa bila kujiuliza.

Baada ya suala la safari nilianza kujiuliza. Nilipakua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nikaisoma kwenye treni, kurasa chache kila jioni, nikiwa nimebanwa dirishani. Ni sheria inayosomeka. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, siku za kazi zisizidi sita. Saa za ziada ni kwa makubaliano, na malipo yake si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kati ya kumaliza kazi na kuianza tena mtu apate mapumziko ya saa 12 mfululizo, na kila wiki saa 24 mfululizo. Mshahara haukatwi ila pale sheria yenyewe inaporuhusu, au mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi kukatwa kwa ajili ya deni. Sikuona mahali inapotaja bonanza. Lakini nilijiuliza: kama ninasainishwa mlangoni, na kutokuwepo kwangu kunajibiwa kwa maelezo, ile Jumamosi ni ya nani? Kwa akili yangu ya uhasibu, muda ambao mtu mwingine anaushikia rejista si wangu.

Katika kutafuta nikakutana na kesi ya Ufaransa. Mshauri mmoja wa kampuni ya Paris aliajiriwa mwaka 2011, akaachishwa mwaka 2015, na miongoni mwa sababu ni kwamba hakuingia kwenye ile wanayoiita furaha ya kampuni: mikusanyiko ya mwisho wa wiki yenye pombe nyingi na michezo aliyoiona inamdhalilisha. Shauri lilipanda mpaka mahakama yao ya mwisho, na tarehe 9 Novemba 2022 majaji wakasema kukataa kwake ni sehemu ya uhuru wake wa kujieleza, na mtu hafukuzwi kwa hilo. Niliisoma mara mbili. Nilifarijika kujua kwamba huko mbali mtu alisimama mbele ya majaji kutetea jambo ambalo mimi nilikuwa naona aibu kumwambia hata dada yangu.

Hata hivyo niseme ukweli: sheria haikunitosha. Mimi siishi Paris, na jambo langu halikuwa la mahakamani. Jambo langu lilikuwa Ifakara.

Baba yangu alifariki nikiwa na mwaka wa tatu pale kazini. Ilikuwa masika. Nilipiga simu ofisini saa kumi na mbili asubuhi nikiwa siwezi kuongea vizuri, na usiku wa siku ile ile wenzangu walikodi Coaster, wakasafiri usiku kucha, wakapita Mikumi, wakafika kwetu asubuhi wameloa. Watu 11. Akina mama hawakukaa ndani wakaletewa chai. Walivaa khanga, wakaenda nyuma kumenya vitunguu pamoja na shangazi zangu. Rambirambi ilikuja kwenye bahasha na majina yote. Na mkuu wa idara, yule yule wa ujumbe wa Alhamisi, alivua viatu akaingiza bega chini ya jeneza la baba yangu, akatembea nalo kwenye tope jekundu mpaka makaburini. Suruali yake ya kitambaa ilikuwa imeharibika mpaka magotini. Hakusema neno.

Sasa mtu kama huyo akikuambia, miaka miwili baadaye, mbele ya watu, "Sisi tulikuja kwenu Ifakara, wewe hapo barabarani tu huji," utajibu nini? Mimi nilikaa kimya. Maneno yale yalinikata kwa sababu nusu yake ni kweli. Watu wa kwetu tunazikana. Asiyekwenda kwa wenzake atalia peke yake siku yake ikifika, na hilo si tishio, ni utaratibu ambao umewalea babu zetu na bado unatulea. Yeye aliniwekea mizani moja: bega lake chini ya jeneza upande huu, jioni zangu za Ijumaa upande ule.

Nilikaa na maneno yale wiki nyingi. Nilimweleza mama wa masijala, mwanamke wa makamo ambaye nilikuwa nakula naye mchana kwa mama lishe nyuma ya jengo, kila siku ya kazi kwa miaka sita, wali maharage na mchicha. Yeye naye alikuwa haendi Ijumaa; alishafika umri ambao hawamuulizi tena. Aliniuliza, "Wewe, mke wa bosi alipolazwa hukwenda?" Nilikwenda. Muhimbili, mara tatu, mara moja na uji kwenye chupa. "Na arobaini ya mtoto wa dereva?" Nilikwenda, mpaka Mbagala ndani kabisa, nikalala huko. "Basi unadaiwa nini?"

Swali lake ndilo lililonifungua. Msibani nako kuna daftari, sitaki kujidanganya. Rambirambi huandikwa jina na kiasi, na baada ya matanga familia hukaa ikasoma. Lakini angalia daftari lile linashikwa na nani. Linashikwa na mfiwa. Ni mimi niliyelipeleka nyumbani, ni mimi ninayejua kwamba fulani alitoa kiasi fulani na siku yake ikifika sitakosa. Ni deni ninalolijua mwenyewe, ninalipa kwa wakati wa shida ya mwenzangu, si kwa wakati anaoutaka yeye. Daftari la Ijumaa linashikwa na yule anayeandika tathmini yangu. Hapo ndipo mambo mawili yanayofanana kwa sura yanapoachana. Mauti hayachagui mahali penye bia wala hayajali kama nina treni. Yakiita tunakwenda wote, bosi na mfagizi, na njiani hakuna anayepangwa safari ya Mwanza. Ijumaa inaitwa na mwenye mamlaka, na anayeitika anapata kitu.

Ofisi ililichukua neno familia na uzito wake wote, ikachukua aibu anayoisikia mtu akikosa kwa ndugu zake, halafu ikabaki kuwa ofisi. Niliona watu watatu wakipunguzwa kazi katika miaka ile. Ndugu hapunguzwi. Mmoja wao alikuwa hajawahi kukosa Ijumaa hata moja, na Ijumaa iliyofuata jina lake liliondolewa kwenye kundi kabla ya ujumbe wa saa nane kutumwa.

Pamoja na hayo yote bado sikusema kitu. Aliyenisemesha ni binti wa chuo aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo, wiki nane, halipwi chochote. Ijumaa yake ya pili alikuja pale pale kwa sababu aliambiwa, na mimi nilikuwepo kwa sababu ya lile neno la Ifakara. Alikunywa maji. Bili ilipofika ikasemwa tugawane sawa, akafungua pochi, akahesabu noti ndogo ndogo, akatoa 20,000. Niliona na sikusema. Tulipotoka akanifuata, akanivuta pembeni ya taa: "Dada, samahani sana, unaweza kuniazima nauli ya wiki ijayo? Nitakurudishia baba akituma." Nikampa. Tukatembea kidogo, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi dada, huku kuja ni lazima?"

Nilitaka kumjibu siyo lazima. Nikashindwa, kwa sababu angeniuliza: mbona na wewe upo?

Alhamisi iliyofuata ujumbe ulipoingia sikuandika mama. Sikuandika mtoto, wala usafiri, wala kichwa. Niliandika: "Kesho sitakuja. Jioni njema kwenu wote." Niliufuta mara mbili kabla ya kuutuma. Bila udhuru ulionekana mfupi mno, kama mtu aliyetoka nje bila khanga. Tiki zikageuka buluu moja baada ya nyingine. Kimya. Dakika kama kumi. Kisha mama wa masijala, ambaye kwenye kundi lile alikuwa haandiki kitu ila pole na hongera, akaandika: "Na mimi. Jumatatu njema." Baada yake yule kaka aliyekuwa akiinuka kwenda kuswali Magharibi: "Na mimi pia wapendwa."

Mkuu wa idara aliniita. Nilimwamkia, nikakaa. Akaniuliza kama kuna mtu amenikosea. Nikamwambia hapana. Akauliza kama nyumbani kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, nyumbani ni kuzuri, ndiyo maana nataka kwenda. Hilo lilimtuliza kidogo, nadhani hakuwahi kulisikia hivyo. Nikamwambia kwamba deni la Ifakara nalijua, nitalibeba mpaka nife, na siku yoyote akiwa na shida asitume ujumbe kwenye kundi, anipigie mimi. Kisha nikamwomba mambo mawili: safari za kikazi zijadiliwe kwenye kikao cha Jumatatu asubuhi, na fulana za bonanza zisikatwe kwa mtu asiyekubali kwa maandishi, kwa sababu mimi ndiye ninayeingiza makato na sitaingiza tena. La fulana alilikubali hapo hapo, sheria ilikuwa mkononi mwangu. La safari alisema atalifikiria. Miezi iliyofuata orodha zilisomwa Jumatatu, si zote, lakini zilisomwa. Nilikwenda Dodoma mara moja.

Kuna waliopoa kwangu. Dada wa mapokezi, niliyempenda, alikaa kama mwezi akinisalimia kwa juu juu, na lilinikera kwa sababu sikuwa nimemkataa yeye. Siku moja nilimbebea embe za Chanika, mfuko mzima, tukazila mezani kwake mchana na chumvi na pilipili. Hatukulizungumza.

Niliondoka pale mwaka mmoja baadaye kwa sababu nyingine kabisa, kazi ilipatikana karibu na kwangu. Waliniaga Ijumaa, pale pale. Nilikwenda, nikakaa mpaka saa tatu usiku, na mzee dereva akanirudisha mwenyewe mpaka mlangoni.

Wiki iliyopita yule binti wa mafunzo alinitumia ujumbe. Amepata ajira Morogoro, mwezi wake wa pili. "Dada, na huku nako wana Ijumaa." Nikamuuliza kama anataka kwenda. Alikaa kidogo, kisha akaandika: "Wiki hii nataka. Kuna dada mmoja anahama, alinipokea vizuri, namuaga." Nikamwambia basi nenda, uvae kitu cha baridi, Morogoro jioni ina upepo.